Mishipa ya miguu ya wazee: vidole au Dopla?
Mzee akipanda Kadutu, mtaa wa milimani mjini Bukavu, shavu la mguu likauma hadi asimame, kisha likapoa akipumzika, tusimwambie ni uzee tu: huenda mshipa wa damu umeziba. Kupapasa mapigo ya mguu hakudai pesa wala umeme, lakini vidole hudanganya: wapo watu wazima wa afya ambao mapigo ya juu ya wayo hayashikiki. Dopla, kifaa kinachosikiliza mkondo wa damu kwa mawimbi ya sauti, husaidia kulinganisha presha ya kifundo cha mguu na ya mkono: ya kifundo ikigawanywa kwa ya mkono, 0.90 kushuka chini ni dalili ya mshipa kuziba. Inataka betri, jeli na mkono uliofundishwa. Na kisukari cha miaka mingi hukakamaza mishipa, kipimo kikavuka 1.40, hapo hupimwa presha ya kidole gumba cha mguu. Zahanati ya mlimani ianze na vidole. Mwenye kidonda kisichopona apelekwe penye Dopla, hata mapigo yakisikika.