Koneti za jazi ya mwanzo: CD ipi ununue, ipi umwachie muuzaji

Mwaka jana nilitupa hela. Niliagiza mtandaoni mkusanyo wa koneti, zile tarumbeta fupi, za jazi ya mwanzo, CD tatu kwenye kasha lenye picha ya kupendeza, nikausubiri zaidi ya mwezi. Ulipofika nikachukua koneti yangu, ile ninayopigia kwenye bendi ya matarumbeta ya usharika, nikaweka “Chimes Blues” nipige pamoja na Louis Armstrong. Ulirekodiwa tarehe 5 Aprili 1923, naye akiwa na miaka 21, na ndimo solo yake ya kwanza kwenye santuri ilimo.

Nikapuliza, haikukaa. Nikasukuma bomba la kutyuni mpaka likagota, bado niko chini. Nikahamia nusu toni juu, nikapitiliza. Armstrong na bosi wake, King Oliver, walikuwa wanapiga ufunguo usiokuwepo kwenye koneti yoyote duniani.

Kwa hiyo leo naangalia kasi tu. Mikwaruzo siizungumzii, sikio huizoea kama mvua kwenye bati.

Tunaziita santuri za 78, kana kwamba zote zilizunguka mara 78 kwa dakika. Wakati ule kampuni zilikata kila moja kwa kasi yake, nyingine 74 hivi, nyingine 80 na kupita. Iliyokatwa kwa 74 ukiizungusha kwa 78, wimbo wa dakika tatu unapoteza kama sekunde tisa na sauti inapanda karibu nusu toni. Anayeona ni kidogo akamuulize mwalimu wa kwaya. Na si ufunguo peke yake. Kwenye “Dippermouth Blues” Oliver anaziba mdomo wa koneti na kuiachia, inalia kama mtu anayebembeleza. Iharakishe, unabaki na bata.

Tena nyimbo hizi hazikuwa na maikrofoni. Studio ya kampuni ya santuri ya Gennett, mjini Richmond, Indiana, ilikuwa kando ya reli. Bendi nzima ilipigia kwenye pembe kubwa ya kunasia sauti, na Armstrong inasimuliwa aliwekwa nyuma kabisa ili asiwafunike wenzake. Kutofautisha koneti ya mzee na ya kijana ni kazi hata mambo yakiwa sawa. Kasi ikikosewa, zinakuwa koneti moja.

Namba moja kwangu, na sifichi upendeleo, ni “Off the Record” ya mwaka 2006, iliyosambazwa na Archeophone: CD mbili, pande zote 37 za santuri za Oliver za 1923, zilizohamishiwa kwenye CD na Doug Benson. Niliiazima kwa rafiki, nikapiga tangu wimbo wa kwanza bila kugusa bomba la kutyuni. Sijairudisha.

Ya pili ni ya Armstrong mwenyewe, “Hot Fives and Sevens” ya kampuni ya JSP, CD nne za bendi zake Hot Five na Hot Seven. Aliyezisafisha ni John R. T. Davies, Mwingereza aliyekuwa mwanamuziki pia, na inasikika: hakuchuja sauti mpaka ikawa ya kwenye simu. Bei yake ni ya kibinadamu. Kasha la Columbia la mwaka 2000 lina nyimbo hizo za Hot Five na Hot Seven pamoja na kitabu kizuri. Ukipewa zawadi, pokea.

Bei rahisi? Mikusanyo isiyoandikwa nani alihamisha santuri, achana nayo. Kama huna hela kabisa, National Jukebox ya Maktaba ya Bunge la Marekani inakusikilizisha bure Original Dixieland Jazz Band ya 1917, Nick LaRocca akiwa kwenye koneti.

Kabla ya kulipa, linganisha urefu wa wimbo uleule kwenye matoleo mawili matatu. Mmoja ukiwa mfupi kwa sekunde nane au tisa, na mwisho wake haukukatwa, kuna mtu alikimbiza santuri.

Na wauzaji! Tangu Januari 2024 rekodi za 1923 ni mali ya umma Marekani, kwa hiyo yeyote mwenye kompyuta anaweza kuchukua faili la ovyo, akalipachika picha ya New Orleans na kulipangia bei. Oliver alikufa maskini Savannah mwaka 1938. Huyu wa leo hata kuangalia kasi hataki. Ukiongeza nauli ya mzigo, ambayo kwangu ilizidi bei ya CD zenyewe, unalia mara mbili. Nilimwandikia muuzaji wangu, nikamweleza habari ya nusu toni kwa aya tatu. Akajibu: “Hakuna mteja mwingine aliyelalamika.”