Nunua ya Nyuma Kwanza: Taa Tatu za Baiskeli Nilizojaribu Barabara ya Kilwa

Habari zenu wadau, karibuni. Mezani hapa nina taa tatu za baiskeli. Nimezitumia kwa wiki sita, natoka kazini Kariakoo, naishika Barabara ya Kilwa, naipita Mbagala Rangi Tatu mpaka nyumbani upande wa Kongowe. Sikupewa na duka lolote, nimenunua kwa hela yangu. Anayeshika kamera ni mdogo wangu.

Dar giza halibishi hodi. Mwezi wa 6 jua linazama kama saa 12 na robo, hata Januari halifiki saa 1, na likishazama, baada ya nusu saa huoni kitu. Ukifunga kazi saa 12 jioni, unaendesha usiku upende usipende.

Tuanze na hii ya mbele, shilingi 35,000. Dogo, sogeza kamera. Mnaona betri imeandikwa 9,900 mAh, yaani kiasi cha umeme inachobeba? Wadau, hapo msikubali. Betri ya saizi hii, unene milimita 18, urefu milimita 65, hata zile bora kabisa huwa zinazungukia 3,500. Hiyo 9,900 haiingii humu ndani. Kwenye boksi wanasema inawaka kwa muda wa saa 8. Mimi nilipoiweka kwenye mwanga mkali, baada ya saa 1 na dakika 20 ikaanza kufifia. Inanifikisha nyumbani, lakini muuzaji anayekuahidi saa 8 usimlipe bei ya saa 8.

Mwanga wake naupenda. Shimo naliona mapema, tuta naliona, na mtu anayevuka na ndoo kichwani naye namwona. Ila unatawanyika duara kama tochi. Ujerumani sheria inataka taa ya mbele ya baiskeli isiwapofushe wanaokuja, mwanga wake unakatwa kwa juu kama wa gari. Hii haina hicho kitu, kwa hiyo inamisheni pua yake, sehemu kali iangukie chini kama mita 8 mbele ya tairi. Ukiinyoosha unampofusha mwenye bodaboda anayekuja, na aliyepofuka hajui anakokwenda.

Sasa nisikilizeni vizuri. Wiki mbili za kwanza nilitembea na taa hii peke yake. Nyuma nilikuwa na riflekta tu, tena imejaa vumbi. Nilijiona niko salama kabisa, kwa sababu njia nilikuwa naiona. Usiku mmoja, nimeshaipita Zakhem, nikasikia kitu kimenikwangua kiwiko. Kilikuwa kioo cha bodaboda. Yule kijana akasimama mbele, mikono inamtetemeka, akaniambia, "Kaka, nisamehe, nimekuona umeshafika hapa," akanyoosha mkono kunionyesha. Taa yake ilikuwa imekufa. Na riflekta haina mwanga wake, inarudisha ule unaopigwa nao. Akija mtu asiye na taa, kwake wewe haupo. Ile taa ya mbele ilikuwa imenitoa hofu tu, hatari ikabaki palepale mgongoni.

Kwa hiyo mwenye hela ya taa moja tu, anunue ya nyuma. Nyekundu. Ya mbele itasubiri mshahara ujao, na mpaka hapo ukifika penye giza kabisa, shuka ukokote.

Hii ndogo ya mpira, shilingi 5,000, inatumia betri mbili bapa kama sarafu. Haina mengi. Iwe ya akiba mfukoni, ya kukufikisha kubwa ikizima, maana mpira wake unalegea na ya kwanza niliiangusha njiani bila kujua.

Hii ya tatu ndiyo ninayoiamini, ya nyuma, ya kuchaji, shilingi 18,000. Tuliipima kwenye kipande kisicho na taa za barabarani. Nilisimamisha baiskeli pembeni kabisa, dogo akarudi nyuma anahesabu hatua. Riflekta, bila taa ya kuipiga, ilimpotea kwenye hatua ya 20. Hii nyekundu alikuwa anaiona hata kwenye hatua ya 200, mpaka mimi ndiye nikamwambia arudi. Pigeni hesabu: gari la kilomita 60 kwa saa linakula karibu mita 17 kila sekunde. Hatua 20 ni sekunde moja hivi, na dereva hata mguu hajaupeleka kwenye breki.

Ina hali ya kupepesa pia. Kupepesa kunavuta jicho haraka, sikatai, lakini anayekuja nyuma anapata shida kukadiria umbali. Mimi naiacha iwake moja kwa moja, halafu riflekta za pedeli nazifuta kila jioni. Zile zinapanda na kushuka, dereva anajua huyu ni mtu anayekanyaga.

Kasoro yake ni hiki kizibo cha tundu la chaja. Mnaona kinavyobaki wazi upande huu? Imeandikwa IPX4, yaani inavumilia maji ya kurukiwa, siyo kuzama. Masika naifunga taa kwenye baiskeli tundu likiwa limeangalia chini.

Na mahali pa kuifunga. Maelekezo yanasema bomba la kiti. Sawa, kama hubebi kitu. Lakini wale wanaoleta mkaa kutoka upande wa Mkuranga, gunia linaifunika yote. Hata mimi nikibeba kilo 25 za mchele haionekani. Kwa hiyo nimeihamishia mwisho wa keria, nyuma kabisa, chini ya mzigo. Mpira wake haukutosha hapo, nikakata kipande cha tyubu ya zamani, nikakizungusha mara mbili, hivi. Dogo, itikise. Umeona? Haichezi.