Kabla Mkasi Haujapita: Dawa za Maumivu Ninazonunua na Ninazozikwepa

"Umemeza nini?" Musawo, yaani mhudumu wa afya, aliniuliza mara tatu, na mara zote tatu sikuwa na jibu. Nilimpa kijibahasha cha kaki nilichouziwa nacho dawa. Juu yake pameandikwa kwa kalamu ya buluu: 1x3. Basi. Hakuna jina, hakuna miligramu, hakuna tarehe.

Mgongo ulikuwa umenikaza baada ya kupakua magunia ya mahindi hapa Busia, mpakani mwa Uganda na Kenya. Siku ya kwanza nilinunua tembe kwenye duka la dawa lililo karibu na nyumbani. Maumivu hayakwisha, nikaenda duka la pili, nikapewa za rangi nyingine na kuambiwa, "Hizi ndizo kali, dada." Nikawa nameza zote mbili pamoja. Siku ya tano choo kilitoka cheusi kama lami, kumbe tumbo lilikuwa linavuja damu. Mdogo wangu ndiye aliyerudi katika maduka yote mawili akasoma karatasi za tembe zilizobaki kabatini: moja diklofenaki, nyingine ibuprofeni. Hizo ni dawa za ukoo mmoja. Nilidhani nimechanganya dawa mbili tofauti, na kumbe nilikuwa nazidisha ukoo ule ule.

Kwa hiyo katika mwongozo huu sitauliza ipi inatuliza haraka wala ipi ina bei nafuu. Hayo kila mtu anayauliza. Mimi naangalia jambo moja: mkasi wa muuzaji ukishapita kwenye karatasi ya tembe kumi, je, kipande nilichobaki nacho mkononi bado kinasema jina lake?

Jina lina uzito kwa sababu dawa hizi hazifanyi kazi kwa njia moja. Mwili ukiumia hutengeneza kemikali ziitwazo prostaglandini, ambazo huifanya mishipa ya fahamu iwe nyepesi kuhisi maumivu na kuleta uvimbe. Aspirini, ibuprofeni na diklofenaki huzuia kimeng'enya kinachozitengeneza. Mwanasayansi Mwingereza John Vane alilieleza hilo mwaka 1971, na mwaka 1982 akapata tuzo ya Nobel. Shida ni kwamba prostaglandini hizo hizo ndizo zinazolinda ngozi ya ndani ya tumbo na kusaidia damu ifike vizuri kwenye figo. Ukizizuia mgongoni, umezizuia na tumboni. Parasetamoli haigusi sana huko. Inatuliza maumivu na kushusha homa, uvimbe inauacha, na mzigo wake mkubwa unaangukia ini.

Ya kwanza: Panadol. Nasema wazi kwamba naipendelea. Karatasi ninazonunua zina jina lililochapwa likijirudia mgongoni, hata ukikatiwa tembe mbili utalisoma. Tembe ya kawaida ina miligramu 500 za parasetamoli. Mtu mzima humeza moja au mbili, anasubiri angalau saa nne, na hazidishi nane kwa saa 24. Panadol Extra imeongezwa miligramu 65 za kafeini, kwa hiyo ukiimeza usiku usishangae usingizi ukipotea. Usiishushie kwa waragi wala pombe nyingine, na ukiwa mnywaji wa kila siku ongea na musawo kwanza. Ini huivunja parasetamoli na kutoa sumu kidogo ambayo kwa kawaida huzimwa papo hapo. Dozi ikizidi, kinga hiyo humalizika na ini linaanza kufa, na siku ya kwanza huenda usihisi chochote cha kukutisha. Angalia pia dawa za mafua: nyingi zina parasetamoli ndani. Wengi huzidisha hapo, si kwa kupenda.

Ya pili: parasetamoli nyingine yoyote, mradi ununue karatasi nzima. Dawa ni ile ile.

Ya tatu: ibuprofeni. Kwa jino, maumivu ya hedhi na kifundo kilichoteguka, inaishinda parasetamoli kwa sababu inagusa uvimbe. Kula kwanza. Unapojinunulia bila cheti cha daktari, usivuke miligramu 1200 kwa siku, yaani tembe sita za 200 au tatu za 400. Mwenye vidonda vya tumbo aiache, na mama mjamzito aiache hasa kuanzia wiki ya 20.

Diklofenaki naiweka chini sana, ingawa ndiyo inayopendwa na wabeba mizigo hapa mpakani. Tumbo inaliumiza, na moyo pia inauweka hatarini, hasa ikimezwa kwa wingi na kwa muda mrefu. Chini yake zaidi ziko tembe za mchanganyiko, zenye diklofenaki na parasetamoli pamoja. Hizo zikikatwa na kutiwa kwenye bahasha, hujui umemeza dawa ngapi. Aspirini ya maumivu sinunui kabisa, na watoto walio chini ya miaka 16 wasipewe.

Sasa niseme na wenye dawa nyingine nyumbani, maana hao ndio mkasi unaowaumiza zaidi. Mzee anayemeza enalapril au losartan ya presha pamoja na dawa ya kukojoa, akiongezewa diklofenaki, figo zake zinaminywa kutoka pande tatu. Presha yenyewe nayo inaweza kupanda. Anayemeza warfarin, dawa ya kuzuia damu isigande, akiongezewa dawa za ukoo huu anaweza kuvuja damu. Anayemeza aspirini ndogo ya moyo, ibuprofeni inaweza kuizuia isifanye kazi. Na wale walio kwenye dawa za VVU zenye tenofoviri, ambao tunao katika kila mtaa: tenofoviri peke yake inahitaji figo ziangaliwe, na dozi kubwa za ukoo huu wa dawa zinaweza kuziangusha ghafla. Nani kaunta aliwahi kukuuliza unameza nini kingine? Mimi hakuna aliyeniuliza.

Na hilo ndilo linaloniuma. Sheria iliyounda Mamlaka ya Taifa ya Dawa ya Uganda ni ya mwaka 1993, na leseni nimeiona imebandikwa ukutani. Lakini mwenye sarafu ya 500 anakatiwa tembe zake, jina na tarehe ya kuisha vinabaki upande wa muuzaji. Ukiomba uione karatasi, unaambiwa, "Mama, unanichelewesha." Kwamba nina shilingi chache, hilo halinifanyi nisistahili kujua ninachomeza.

Kama hela ya karatasi nzima haipo, fanya hivi. Kabla mkasi haujafunguka, omba karatasi, igeuze, ipige picha kwa simu: jina, miligramu, tarehe iliyogongwa ukingoni. Kama simu haina kamera, omba kalamu uandike mwenyewe kwenye bahasha. Akikataa, ondoka. Na kama kilichokupeleka dukani ni homa, pita kwanza upimwe malaria, kwa sababu Panadol itashusha joto na vijidudu vitabaki palepale kwenye damu. Mtoto akipimwa na kukutwa nayo, chukua dawa ya malaria pamoja na parasetamoli, na picha ya karatasi zote mbili.