Programu ya Simu ya Wazazi: Mhasibu Anajibu, Mwalimu Amenyamaza

Kwa mihula mitatu sasa ninatumia programu ya simu ambayo shule ya msingi ya binafsi anakosoma binti yangu, huku Kinyerezi, imewafungulia wazazi kwa nyongeza ya shilingi 15,000 kila muhula juu ya ada.

Kilicho bora ndani yake ni taarifa za gari la shule. Binti yangu huchukuliwa saa kumi na moja na nusu alfajiri, na jioni hurudi saa yoyote itakayoamuliwa na foleni ya Tabata. Zamani nilisimama kituoni hadi dakika 40 nikimpigia matroni asiyepokea simu. Siku hizi ninaona kwenye ramani gari limefika wapi, na ujumbe huingia likiwa limebakiza vituo viwili. Kwa hilo peke yake sijutii fedha yangu. Upande wa ada nao hauna kasoro, kwani salio linaonekana, risiti huja papo hapo, na mhasibu hujibu ndani ya dakika kumi hata siku ya Jumamosi.

Kasoro iko kwenye sehemu iitwayo Maoni ya Mwalimu. Mimi nilisoma shule ya serikali, Temeke, enzi ambazo mzazi aliitwa shuleni kwa barua, na akiitwa alijua kuna jambo. Ripoti yangu ya darasa la tano iliandikwa kwamba ninazungumza mno na ninawarudisha wenzangu nyuma, na mama aliisoma kwa sauti mbele ya wageni. Katika programu hii, kuanzia Januari hadi Mei, niliambiwa kila mwezi kwamba binti yangu anaendelea vizuri na aongeze bidii. Nilipoulizana na wazazi wenzangu wawili, nikakuta watoto wetu wote watatu, akiwamo aliyeshika nafasi ya mwisho darasani, wanaendelea vizuri na wote wanatakiwa kuongeza bidii.

Kwenye kikao cha Juni ndipo nilipogundua kwamba mtoto wangu, ambaye yuko darasa la nne na anasubiriwa na upimaji wa kitaifa mwishoni mwa mwaka, hajui kugawanya, na kwamba tangu Februari amekuwa akinakili majibu ya jirani yake wa dawati. Nilimuuliza mwalimu wa darasa kwa nini hakuniandikia. Alinijibu kwa upole: "Mama, nikiandika hivyo wewe utanishukuru, lakini mzazi mwingine atapiga simu ofisini, na atakayeitwa ni mimi." Alinieleza pia kwamba kila maoni hupitia ofisini kabla ya kutufikia, na kwamba wapo wazazi wanaomwandikia saa nne usiku wakidai maelezo ya alama mbili zilizopungua.

Kwa hiyo lawama siwezi kuwatwisha wenye shule peke yao. Sisi tunaolipa tumejizoesha kusema na mwalimu kama tunavyosema na fundi cherehani aliyetuchelewesha nguo ya sikukuu, naye amejifunza kujilinda kama fundi.

Dada yangu ana mtoto katika shule ya serikali, Vingunguti, ambako ada haipo tangu elimu bila malipo ilipoanza Januari 2016. Hana ramani ya gari, lakini anayo kamati ya shule yenye wazazi waliochaguliwa na wazazi wenzao, ambayo katibu wake ni mwalimu mkuu. Wanabishana kuhusu uji wa watoto mpaka jua linazama, na mwalimu humwambia dada yangu bila kuzunguka kwamba mwanawe ni mtoro. Mimi ninayelipa nimepewa kitufe cha "Nimesoma".

Gari na ada ninazipa alama nne kati ya tano. Mawasiliano na mwalimu, alama moja. Shule ikimruhusu mwalimu kuandika bila kupitia ofisini, na ikiweka saa ambazo mzazi hapaswi kumsumbua, nitaipandisha. Muhula ujao nitalipia tena kwa sababu ya gari. Kwa mengine nimenunua daftari la shilingi mia tano, ambalo binti yangu hulibeba kila Ijumaa, na wiki iliyopita lilirudi na wino mwekundu: "Kuzidisha kwa saba bado hajui. Mama, kaa naye."