Misimu mitatu na karatasi ya takwimu za futiboli ya vyuo

Naishi Texas, na huu ni msimu wa tatu nafuatilia futiboli ya vyuo vya Marekani, ile ya kukimbia na mpira mikononi, nikiwa na karatasi ya takwimu mkononi, ile ya bure ambayo vyuo huitoa mechi ikiisha. Naipenda na nitaendelea kuitumia. Ila mwanzoni ilinipoteza sana, kwa sababu sikujua inahesabu vipi.

Mimi nimekulia kwenye kandanda, kwa hiyo jicho langu lilikimbilia umiliki wa mpira. Huo achana nao. Mwaka 2018 Army, timu ya chuo cha kijeshi, walikaa na mpira zaidi ya dakika 44 kati ya 60 dhidi ya chuo cha Oklahoma, na bado wakapoteza 28-21 kwenye muda wa nyongeza.

Kilichonisumbua zaidi ni yadi za kukimbia, yaani umbali ambao mchezaji anausogeza mpira kwa kukimbia nao. Kwenye ligi ya kulipwa, NFL, kotabaki (mchezaji anayeongoza mashambulizi na kurusha pasi) akiangushwa kabla ya kurusha, yadi zilizopotea hukatwa kwenye yadi za pasi. Vyuoni hukatwa kwenye yadi za mbio! Chukua kotabaki aliyekimbia mara 8 akapata yadi 60, kisha akaangushwa mara 4 na kupoteza yadi 32. Karatasi itaandika mbio 12, yadi 28. Ukiisoma hivyo hivyo utasema hajui kukimbia, kumbe tatizo ni wale wanaomkinga. Siku hizi, kabla ya kumhukumu yeyote, naziondoa kwanza hizo mara alizoangushwa.

Halafu gawanya yadi za pasi kwa idadi ya mara alizorusha. Oktoba 2016, Patrick Mahomes, kotabaki wa chuo cha Texas Tech, alirusha yadi 734 dhidi ya Oklahoma, akapoteza 66-59. Kila timu ilimaliza na yadi 854, sawa kabisa, kwa hiyo jumla haikuambii lolote. Lakini Mahomes alirusha mara 88, wastani wa yadi 8.3. Baker Mayfield wa Oklahoma alirusha mara 36 tu akapata 545, zaidi ya yadi 15 kila akirusha. Namba zote hizo zimo kwenye karatasi ya kawaida. Kikokotoo cha simu kinatosha.

Huduma ya kulipia niliyoijaribu ina jambo moja ambalo karatasi haina: inapima kila jaribio la kusogeza mpira, yaani kila dauni, kama limefanikiwa. Timu hupewa dauni nne kupata yadi 10. Dauni ya kwanza upate nusu ya yadi zinazotakiwa, ya pili asilimia 70, ya tatu na ya nne zote. Hicho ni kipimo kizuri mno, maana kupata yadi 4 kwenye dauni ya tatu zikiwa zimebaki yadi 3 si sawa na kupata yadi 4 zikiwa zimebaki 10, ingawa karatasi huziandika sawa. Sikupenda alama zao za ubora wa timu. Hawaelezi zinatoka wapi, na nilipowaandikia kuuliza sikujibiwa.

Karatasi ya bure naipa nyota 4 kati ya 5. Ile ya kulipia nyota 3, na nitailipia Novemba tu, timu zikiwa zimecheza mechi za kutosha wastani wao kuaminika.