Siri za app yako uziweke wapi? OpenBao kwanza, wengine wafuate

Siri ni paswedi na funguo ambazo app inazitumia, na huduma za kuzitunza ziko nyingi. Malalamiko ninayoletewa ni yale yale: mtu kabadilisha paswedi ya databesi kwenye dashibodi, kaambiwa imehifadhiwa, na app bado inang'ang'ania ya zamani mpaka iwashwe upya. Usimbaji, yaani kuificha siri isisomeke, wauzaji wote wa huduma hizi wanao, sipotezi muda hapo. Muuzaji muulize hivi, nikibadilisha siri app ikiwa inatembea, itaipataje?

Maana env, yaani thamani ambazo mfumo huipa programu, husomwa programu inapoanza, baada ya hapo prosesi inabaki na nakala yake basi. Hata Kubernetes, mfumo wa kuendesha app kwenye seva nyingi, ni hivyo hivyo, siri uliyoiweka kama env haibadiliki, uliyoipachika kama faili inajisasisha baada ya muda kidogo, ila ukitumia subPath (kupachika faili moja badala ya folda nzima) napo imekwama, na hili wengi hawalijui kabisa.

Namba moja kwangu ni OpenBao, sifichi. Ni programu ya kutunza siri, ilizaliwa kutoka Vault, programu ya kampuni ya HashiCorp, baada ya kampuni hiyo kubadilisha leseni Agosti 2023, iko chini ya taasisi ya Linux Foundation, bure. Ajenti wake, programu ndogo, anakaa pembeni ya app, siri ikibadilika anaandika faili upya na unaweza kumpa amri ya kuiambia app isome tena. Tena inatengeneza akaunti za databesi za muda, muda ukiisha zinafutwa zenyewe!! Kazi ipo lakini, seva ikizima inawaka ikiwa imefungwa, haitoi siri mpaka ifunguliwe, usipoipangia kujifungua yenyewe utaamshwa usiku.

Namba mbili AWS Secrets Manager, huduma ya Amazon. Inazungusha paswedi yenyewe, yaani inazibadilisha kila baada ya muda, ila ukitumia maktaba yao ya kache (inayotunza nakala ya siri ndani ya app) nakala hukaa saa nzima usipopunguza. Bei ni dola 0.40 kwa kila siri kwa mwezi, siri 50 tayari dola 20, kwa hiyo zinazokwenda pamoja zifunge kwenye siri moja ya JSON, maandishi yanayobeba thamani nyingi.

Parameter Store ya kawaida, nayo ya AWS, ni bure, haizungushi kitu. Faili la .env, la maandishi lenye siri zako, kwenye seva sawa kwa app ndogo, usilitie tu ndani ya imeji ya Docker, yaani kifurushi cha app.

Kinachoniudhi ni wauzaji wanaotoza kwa kichwa, timu ikiongeza mtu mmoja bili inapanda wakati siri ni zile zile, halafu kuzungusha funguo wamekuficha kwenye mpango wa juu usio na bei, umeandikwa tu "wasiliana nasi". Bei iandikeni jamani, tunapanga bajeti na sisi.