Nyumba iliyoligeuzia jua mgongo: uzoefu wangu na mchora ramani, Mafinga

Nianze na mnachotaka kujua, kama ningempa kazi tena kijana aliyenichorea ramani ya nyumba yangu: ndiyo, ningempa. Ila kwa sharti moja, na sharti hilo nililijua nikiwa nimeshamwaga kokoto kiwanjani.

Naishi Iringa mjini. Mafinga ni kama kilomita 80 kwa barabara kuu ya kwenda Mbeya, na huko nina kiwanja alichoniachia baba, kwenye mteremko juu ya vinyungu, zile bustani za bondeni. Nilitaka kijumba cha Ijumaa hadi Jumapili: vyumba viwili, sebule, jiko, kisichokula umeme na kisichonitetemesha mwezi wa saba. Waliowahi kulala Mufindi, wilaya ilimo Mafinga, mwezi wa saba wanajua nasema nini. Kijana mmoja mchora ramani niliyepewa namba yake na shoga yangu alikubali laki sita, michoro yote pamoja na picha za 3D.

Picha zilikuja baada ya siku tisa. Jamani, nzuri! Ukuta mzima wa sebule ni kioo, bati jeusi, mtu kaketi barazani na kikombe cha kahawa (kwetu angekuwa na ulanzi, pombe yetu ya mianzi, lakini haya). Niliwatumia dada zangu wote usiku uleule.

Siku ya kupiga kamba za msingi, fundi wangu, mzee wa Kihehe asiyependa maneno mengi, aliikodolea ile karatasi mpaka nikaanza kuogopa. Halafu akanisalimia upya, kana kwamba ndiyo kwanza tunaonana. "Kamwene, mama. Hiki kioo chote kinatazama wapi?" Nikamwonyesha bonde na misonobari. "Huko ni kusini. Mwezi wa sita jua linapita huku," akanyoosha mkono upande wa pili, "na upepo unatoka huko ulikoweka kioo."

Nikaketi juu ya tofali. Tuko kusini mwa ikweta, nyuzi 8 na kitu. Juni na Julai jua linapita upande wa kaskazini kutwa nzima, ukuta wa kusini haulioni kabisa. Na miezi hiyohiyo ndiyo ya kusi, upepo utokao kusini. Ulaya ni kinyume: jua lao la wakati wa baridi liko kusini, ndiyo maana nyumba zao za kubana matumizi ya nishati hufungua vioo kusini. Kijana alikuwa ameazima mfano wa huko, akauleta kama ulivyo.

Nilipompigia, hakubisha, na hapo ndipo alipopata maksi zake kwangu. "Shikamoo mama. Ni kweli, sikufika kiwanjani." Kesho yake alipanda basi akaja, akashinda pale na dira na futi kamba. Ramani mpya ilihamishia kioo kikubwa kaskazini. Kusini kukabaki choo, stoo na madirisha mawili madogo ya kuchungulia bonde. Upenu wa paa aliutokeza sentimita 60: Juni jua huingia hadi katikati ya sebule, Desemba linahamia kusini na kioo kile kinashinda kivulini. Hakunidai marekebisho. Nauli nilimrudishia.

Sakafu pia aliibadilisha. Mimi nilitaka marumaru meupe, yeye akashauri sementi iliyotiwa rangi nyekundu iliyokolea, ipokee jua mchana na kulirudisha usiku. Ukivua viatu saa mbili usiku unaisikia bado ina uvuguvugu. Kuta ni tofali za kuchoma za hapahapa, zimelazwa ukuta mnene.

Kilichonifurahisha kuliko vyote hakikuwa cha gharama. Joto la nyumba za huku hupotelea kwenye bati, kwa hiyo juu ya silingi ya mbao tulimwaga maranda makavu yaliyochanganywa na chokaa, unene wa kiganja kizima, tukiacha nafasi pana kuzunguka bomba la moshi. Viwanda vya mbao vya Mafinga vina milima ya maranda, mimi nililipia usafiri tu. Vibarua walicheka: "Mama, unafuga kuku darini?" Sasa nalala na blanketi moja badala ya matatu. Wacheke.

Kwenye umeme kijana alinikwaza. Alichora shawa la umeme kila bafu, wakati tulishakubaliana nyumba iendeshwe na sola. Shawa moja linavuta wati 4,000 na zaidi, taa zangu nane zote pamoja ni wati 56. Inveta, yaani mashine ya kugeuza umeme wa sola utumike nyumbani, ya kulibeba shawa hilo ingenipokonya pesa ya bati. Fundi umeme ndiye aliyelifuta, tukaweka tangi la sola la kuchemsha maji, lita 150, nalo linatosha watu wanne wasiojipikia bafuni. Siku ya mawingu tunabandika sufuria.

Orodha ya vifaa nayo ilipungukiwa mbao za kenchi, nikaongeza safari mbili za Fuso.

Malalamiko yangu makubwa ni fremu. Alisisitiza aluminiamu, nami nikakubali kwa sababu kwenye picha ilipendeza. Asubuhi za baridi fremu hizo zinatoa jasho hadi maji yanachuruzika ukutani, plasta ya chini ya dirisha imeanza kubanduka. Kujenga mlangoni mwa Sao Hill, msitu wa kupandwa wa miti ya mbao, halafu ukaagiza aluminiamu kutoka Dar! Nimeshaongea na seremala anitengenezee mabamba ya mbao ya kufunga usiku, na mapazia mazito nimeshashona mwenyewe. Vioo viwili vyenye hewa katikati niliulizia bei, nikakata simu kwa adabu.

Kwa hiyo mwenye kutaka namba ya kijana nitampa. Ni msikivu, anachora vizuri, harushi kosa lake kwa mtu mwingine. Sharti ni hili: usimlipe hata nusu kabla hajakanyaga kiwanja. Jirani yangu wa upande wa juu ameshamwita kwa ajili ya nyumba yake. Nilimshauri amwite Julai, amlaze pale usiku mmoja, asimpe blanketi la pili.